Panga Lililokata Tao la Mfalme

Jumapili, Sikukuu ya Kristo Mfalme. Kamuli, saa kumi na moja jioni.

Mvua imekatika sasa hivi. Uani ni tope tupu, maua waliyorusha watoto yamekanyagwa mpaka hayana rangi, na harufu ya ubani bado imeng'ang'ania kwenye pazia la sebuleni. Mtu akipita barabarani akachungulia humu ndani atasema nyumba hii leo imebarikiwa.

Neno moja naliandika mara tatu.

Mnaosoma humu siku zote mnajua mimi ni mtu wa maneno mengi. Pale dukani kwangu Rubwera mtu anakuja kutoa fotokopi ya cheti, anaondoka na ushauri wa ndoa ambao hakuuomba. Leo sina ushauri kwa mtu yeyote. Naandika kwa sababu nisipoandika leo, kesho nitaanza kujitetea, na mimi nikianza kujitetea huwa najiamini haraka sana.

Nianze na Mama.

Mama ni mama mkwe wangu. Mume wangu anafanya kazi Mwanza, anakuja Krismasi na Pasaka, kwa hiyo hapa nyumbani tuko mimi na Mama na wanangu wawili. Miguu yake ilikataa miaka minne iliyopita. Tangu hapo kanisani haendi, na kwa mwanamke ambaye alikuwa akifika kigangoni kabla ya katekista, hicho ni kifungo. Mwezi wa tisa ilipotangazwa kwamba mwaka huu maandamano ya Ekaristi yatapita kwenye jumuiya yetu, na kwamba altare ya njiani itawekwa uani kwetu kwa kuwa ndio uwanja mpana, Mama alilia. Halafu akafuta machozi akauliza gauni lake la gomesi la njano liko wapi na kama lina madoa.

"Omukama anakuja kwangu," akawa anamwambia kila anayeingia. Hata muuza dagaa aliambiwa.

Hapa kwetu Omukama ni neno zito. Ndilo waliloitwa wafalme wa Karagwe enzi hizo, na ndilo tunalomwita Bwana tukisali kilugha. Mama alisimuliwa na bibi yake jinsi njia ilivyopaliliwa na kutandazwa nyasi mbichi mfalme anapotarajiwa, na jinsi watu walivyokuwa wakificha ng'ombe mgonjwa ili asiwaaibishe mbele ya mkubwa. Mimi nilikuwa nacheka nikisikia hayo ya ng'ombe.

Sasa, kuna desturi ya tao. Sijui vigango vingine wanafanyaje, ila sisi kila Kristo Mfalme tunajenga tao la migomba mahali altare inapowekwa. Kila nyumba ya jumuiya inatoa mgomba mmoja wenye mkungu wake. Anayekata ni mtu mmoja, kwa panga moja, nyumba zote, ili pasiwe na mtu wa kuringa kwamba wa kwake ndio ulichaguliwa. Tao likisimama, akina mama wanalisuka maua. Mfalme akishapita chini yake, linabomolewa siku hiyohiyo. Mikungu inapelekwa kwa wagonjwa, na magogo yanakatwa vipande, kila mtu anabeba kipande chake akakilaze kibanjani kwake, kwenye shamba lake la migomba, kama baraka. Paroko mmoja wa zamani alijaribu kutueleza kwamba baraka haikai kwenye gogo la mgomba. Tukamwitikia amina, tukabeba vipande vyetu.

Mwaka huu mkataji nilikuwa mimi, kwa sababu altare iko kwangu.

Alhamisi asubuhi nilinoa panga nikaanzia hapa nyumbani. Mama alitaka wetu ukae mbele. Nilichagua mgomba ulionona, ule wa upande wa jikoni, nikaukata, ukalala. Nikasimama kidogo kupumua. Nilipoinama kuuburuza nikaona pale kwenye kidonda matone ya ute wa njano, mazito, yakichuruzika polepole.

Niliujua ugonjwa ule. Nisingeweza kuujua zaidi ya vile. Tangazo la mnyauko wa migomba bwana shamba alikuja kulichapa dukani kwangu, mimi ndiye niliyelipanga herufi, mimi ndiye niliyelibandika mlangoni. Majani yanageuka njano na kulegea. Ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zina kutu. Ukikata shina linatoa ute. Usihamishe mgomba kutoka shamba moja kwenda jingine. Choma panga lako kwenye moto mpaka lisishikike kabla hujaingia shamba jingine. Naweza kulikariri nikiwa usingizini.

Wasiojua kwetu mnaweza kusema ni migomba tu. Jamani, kibanja ndicho chakula cha asubuhi na cha jioni, ndicho kivuli cha kahawa, ndipo wazazi walipozikwa. Mnyauko ukiingia hauombi ruhusa. Unachukua shina moja, halafu panga lako mwenyewe ndilo linaupeleka kwenye shina la pili. Kuna watu upande wa Karagwe walibaki wanatazama nyumba zao zikiwa uchi, hazina mgomba hata mmoja, mpaka unaona mlango wa mtu ukiwa barabarani.

Nilijua yote hayo, na nikafanya hivi. Nililifuta panga kwa jani kavu. Ule mgomba nikauburuza nyuma ya choo nikaufunika. Kidonda nikakipaka udongo. Kisha nikaenda upande mwingine wa kibanja nikakata mgomba mwingine uliokuwa unapendeza, kwa panga lilelile.

Sikuwasha moto.

Nitaeleza, ingawa kueleza hakunisaidii. Siku hizi moto wa panga ni tangazo. Ukimwona jirani anachoma panga asubuhi na mapema, unajua kwake kumeingia, na kufika mchana kijiji kizima kimejua. Nyumba yenye mnyauko haipitishwi watu. Wangehamisha altare. Wangeipeleka kwa mtu mwingine, na Mama angebaki dirishani na gomesi lake la njano akisikiliza kengele kwa mbali. Ndivyo nilivyojiambia. Nilijiambia pia kwamba huenda ni utomvu tu, kwamba jua lilikuwa kali, kwamba macho yangu yamechoka na kompyuta.

Nikaenda kwa majirani. Nyumba tisa.

Ya kwanza ilikuwa kwa Mama Koku. Mama Koku amenizidi miaka kama kumi na mitano, ni mjane, na ndiye aliyenipokea nilipokuja kuolewa hapa nikiwa sijui hata kumenya ndizi bila kujichafua mikono. Kibanja chake ndicho kizuri kuliko vyote katika jumuiya. Alinipeleka kwenye shina alilopanda marehemu mumewe mwaka wa mwisho wa uhai wake, akasema, "Mfalme apewe hili." Nilipoinua panga akanishika mkono.

"Umelichoma?"

"Nimelichoma asubuhi, mama."

Akaniachia. Nikakata.

Ukishasema uongo wa kwanza, nyumba nane zilizobaki ni kazi ya mikono tu. Nilikata nikitania watu, nilikunywa togwa kwa mmoja, kwa mwingine nikabishana kuhusu bei ya kahawa. Hakuna mwingine aliyeniuliza. Waliniamini, mimi ndiye wa tangazo.

Ijumaa sikuweza kula. Vijana walisimamisha tao, likatoka zuri kuliko miaka yote, na kila aliyelisifu alikuwa kama ananichoma sindano. Nilikaa pembeni nikafanya hesabu ya maovu yangu. Kila nyumba sasa ilikuwa na kisiki kimoja kilichokatwa na panga langu. Bwana shamba anasema shina lililokatwa na panga chafu likiwahiwa, likang'olewa na kufukiwa, kibanja kinaweza kupona. Lakini liwahiwe. Jumatatu watu wangeingia vibanjani kupunguza majani, panga la mtu lingegusa kile kisiki, halafu lingegusa shina la jirani yake, na la jirani yake. Na kabla ya hiyo Jumatatu kulikuwa na Jumapili, ambapo watu kumi wangebeba vipande vya tao na kuvilaza wao wenyewe katikati ya migomba yao, kwa sala.

Nilimwomba Mungu kwa hasira, sitaficha. Nilisema, Wewe si Mfalme? Wafalme wanatoa amri. Toa amri basi, huu ugonjwa ukome leo, mimi niendelee na maisha yangu. Nikajidanganya hata kwamba akishapita chini ya lile tao litatakasika, kila kipande kitakachotoka hapo kitakuwa dawa. Niliamini hivyo kwa muda wa kama saa nzima. Ilikuwa saa nzuri.

Jumamosi Padre alikuja kigangoni kuungamisha. Ni padre kijana, mzaliwa wa Ihanda kule Karagwe. Kwao kibanja cha wazazi kiliisha chote kwa mnyauko akiwa seminarini, aliwahi kutuhadithia mwenyewe kwenye mahubiri. Ndiyo maana nilikaa kwenye foleni nikaruhusu watu watano wanipite.

Nilimwambia kila kitu, mpaka lile jibu nililompa Mama Koku. Nilisikia anavuta pumzi.

"Nyumba ngapi?"

"Tisa, Padre."

Akasema Mungu hachoki kusamehe, lakini nisimgeuze Mungu kuwa kichaka cha kujifichia. Akanipa malipizi: zaburi moja. Nikashangaa. Nikamuuliza, zaburi moja tu, na majirani je?

"Zaburi ndiyo malipizi. Kuwaambia majirani si malipizi, ni haki yao."

Kisha akaniondolea dhambi. Nilitoka pale nikiwa mwepesi, na niseme ukweli, nilitoka nikiwa na tumaini la kijinga pia. Nilidhani kwa kuwa sasa anajua, atafanya kitu. Atasema mvua inatisha, maandamano yasiende mbali. Atabadilisha njia. Nilisahau kwamba yaliyosemwa kwenye kitubio hata kwa nyusi hawezi kuyaonyesha. Aliinuka pale kwenye kiti akiwa mtu asiyejua lolote kuhusu kibanja changu. Lile jambo lilibaki langu peke yangu.

Niliamka leo nikiwa nimeamua kusema kabla ya Misa. Nilimvalisha Mama gomesi, nikamfunga kitambaa kichwani, nikamweka kwenye kiti chake uani mahali atakapoona altare. Alikuwa anatetemeka kwa furaha. Alinishika shavu akasema, "Mwanangu, umenifanyia jambo." Nikashindwa. Nikaenda kanisani.

Kwenye Misa ilisomwa Injili ile ya Pilato, pale anapomuuliza Yesu kama yeye ni mfalme. Padre hakuhubiri kwa muda mrefu. Alisema tazameni wale wawili. Mmoja ana askari, ana kiti, ana maji ya kunawa mikono, na anaogopa watu. Mwingine amefungwa kamba na hamwogopi mtu. Mfalme ni yupi hapo? Akasema mfalme huyu alisema mwenyewe kazi iliyomleta, kuushuhudia ukweli, kwa hiyo anayetaka kuwa raia wake asitafute cheo wala mahali pa mbele, aanze kwa kusema kweli hapo alipo. Hakunitazama hata mara moja. Aliwatazama watu wote kama kawaida, macho yake yalinipita kama yanavyowapita wengine, na hilo lilinitesa kuliko kama angenikazia macho.

Nikajiambia nitasema baada ya Misa, kabla maandamano hayajatoka. Watu wakasimama, kwaya ikaanza, kengele zikalia, akina mama wakatandika vitenge barabarani. Nikajiambia huwezi kukatiza jambo kama hili. Nikabeba mshumaa wangu.

Maandamano ya leo sitayasahau. Mbingu zilikuwa nyeusi upande wa ziwani lakini mvua ilishikilia. Watoto wenye vikapu walitangulia wakirusha maua, ngoma nyuma yao, halafu ubani, halafu Padre chini ya mwavuli ule mweupe, amefunika mikono kwa shela, amebeba monstransi yenye Ekaristi usawa wa uso wake. Watu walikuwa wanapiga magoti kwenye tope na nguo zao za sikukuu. Nilikuwa natembea kando nikiwaza kwamba Mfalme huyuhuyu huja kwa Mama kila mwezi. Padre humletea Komunyo kwa pikipiki, kwenye kijisanduku kidogo mfukoni, anaingia, anasali naye, anaondoka. Hakuna tao. Hakuna ngoma. Hakuna siku hata moja niliyofunga duka ili niwepo.

Tukafika kwenye tao.

Nilifikiri atasimama. Nilitaka asimame, niwe huru. Hakusimama. Aliinamisha kichwa kidogo kwa sababu mkungu wa Mama Koku ulikuwa umening'inia chini, akapita na Mfalme wake chini ya migomba yangu, akaweka monstransi juu ya altare, akapiga magoti. Mama alijaribu kuinuka kwenye kiti, miguu ikakataa, akabaki ameinama mikono imekunjwa na machozi yanashuka mpaka kidevuni. Baraka ikatolewa. Kengele zikalia mara tatu. Vigelegele. Kisha Padre akaichukua tena Ekaristi na maandamano yakaanza kurudi kanisani, na sisi wa jumuiya tukabaki, kama desturi, kubomoa tao.

Mzee Byarugaba, mwenyekiti wetu, alikuwa na haraka kwa sababu ya mvua. Akaingia jikoni kwangu mwenyewe akalitoa lile panga, akanipa mbele ya watu. "Haya, Mama Alinda. Mkono uliokata ndio ubomoe."

Watu wakacheka, wakasogea, kila mtu anachagua kwa macho kipande atakachobeba. Mama Koku alikuwa mbele kabisa. Alishatandika kitenge chake chini tayari.

Nilisimama na lile panga sijui kwa muda gani. Mzee Byarugaba akasema, "Vipi, limekuwa zito?" Nikasema msiliguse tao. Nikasema mgomba wangu una mnyauko. Niliuona ute Alhamisi asubuhi, kabla sijaja kwenu. Nilikata kwenu kwa panga hilihili na sikulichoma. Msibebe kitu, na vile visiki ving'olewe leo.

Sauti ilitoka kubwa, mpaka waliokuwa mkiani mwa maandamano wakageuka.

Kelele zikaja. Kijana mmoja, baba wa watoto watatu, kibanja chake ndicho kitu pekee alichorithi, alinijia mpaka wakamshika. "Wewe si ndiye uliyetubandikia matangazo? Si ndiye wewe?" Mwanamke mwingine akasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe umetafuta na wenzako wa kuumbuka nao. Walikuwa wananiambia mambo ambayo nilishajiambia mwenyewe tangu Alhamisi, tofauti ni kwamba wao walikuwa na haki ya kuyasema kwa sauti.

Mama Koku hakupiga kelele. Alikiokota kitenge chake, akakikung'uta, akakikunja taratibu mara mbili. Ndipo akanitazama.

"Nilikuuliza," akasema. "Mama Alinda, nilikuuliza."

Akaondoka.

Mzee Byarugaba, Mungu ampe maisha marefu, hakupoteza muda kwa matusi. Alimpigia bwana shamba simu, akaagiza moto uwashwe hapahapa uani. Kila aliyekuwa na panga au jembe akalipitisha motoni mpaka likabadilika rangi. Tao likaangushwa, likaburuzwa lote zima, na mikungu yake, mpaka kwenye shimo walilochimba nyuma ya choo changu. Maua yakaenda nalo. Hakuna aliyenituma kitu, hakuna aliyeniomba maji. Walifanya kazi uani kwangu kama vile mwenye nyumba amesafiri. Mvua ilipoanza kunyesha kila mtu alikimbilia kwake, na wengine nasikia wameng'oa visiki vyao mvuani humohumo.

Hatujui kama tumewahi. Bwana shamba amesema kwa simu kwamba ni siku tatu, kuna matumaini, lakini shina linaweza kukaa wiki kadhaa likiwa zuri kabla halijaonyesha. Kesho anakuja kukagua kote. Leo ndiyo Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa. Jumapili ijayo tunaanza Majilio, wakati wa kungoja, na safari hii jumuiya nzima itakuwa inangoja huku inatazama majani ya migomba.

Nilidhani nimeshamaliza kuumia kwa siku moja. Kumbe kulikuwa na Mama.

Alikuwa amesikia yote, pale kwenye kiti chake. Walipoondoka watu nilimwingiza ndani, nikapiga magoti kumvua viatu. Hakuniita mwanangu. Aliniuliza kama ni kweli nilijua tangu Alhamisi. Nikasema ndiyo, Mama. Akauliza kwa nini. Na mimi, hata baada ya yote hayo, nilikuwa na jibu langu safi, nililolibeba siku nne kama mtoto mgongoni. Nikasema, "Ni kwa ajili yako, Mama. Wangehamisha altare. Ungemkosa."

Akanitazama kama mtu anayesikia lugha ngeni.

"Kwani machela ya kijiji imevunjika?" akasema. "Si mngenibeba mkanipeleka kwa huyo Mama Koku, nikamngojea huko?"

Nilibaki na kiatu chake mkononi.

Machela. Hapa kwetu tunabeba wagonjwa kwa machela kila wiki, milima na mabonde, mpaka zahanati. Vijana wanne tu, dakika ishirini. Nilikesha nikiwaza, nikalia, nikaungama, nikabishana na Mungu, nikapima kila njia, na siku zote nne hilo halikunijia kichwani hata mara moja. Kwa nini halikunijia? Nimekaa hapa tangu mvua ianze nikijiuliza, na jibu ninalo, ila sikutaka kuliandika. Naliandika.

Kwa sababu sikutaka Mama amwone Mfalme. Nilitaka Mfalme aje kwangu. Uani kwangu, kwenye tao langu, watu waone. Mama nilimtanguliza mbele kama ngao, na hata Padre kwenye kitubio nilimpa sababu hiyohiyo nikiiamini. Nilimuungamia panga. Hili sikuliungama, kwa kuwa nilikuwa bado sijaliona.

Itabidi nirudi kwenye ile foleni.

Kesho duka halifunguliwi. Nitachukua jembe, nitalipitisha motoni hapa uani watu waone, nipite nyumba zote tisa. Ambako kisiki bado kipo nitaking'oa mimi. Ambako wameshang'oa nitachimba shimo, nitabeba udongo, nitafanya nitakachoambiwa. Wakisema nisikanyage kibanja chao sitakanyaga. Kisha nitarudi hapa kwangu, na kama bwana shamba atasema kibanja kizima king'olewe, basi king'olewe, mlango wangu ubaki barabarani.

Nitaanza kwa Mama Koku, asubuhi, kabla hajatoka. Nitasimama pale nje kwenye lango lake na jembe langu nimwamkie shikamoo.

Sijui kama ataitikia.